Magunia Mawili ya Sukari: Somo la Kujiandaa Katika Nyakati Zisizotabirika



Mapema mwaka 2024 alifika ofisini kwetu mama mmoja anayeuza vitumbua kila asubuhi karibu na kituo cha daladala jijini Dar es Salaam. Tulipomwona ameshika risiti ya duka la jumla tulidhani amekuja kulalamikia bei ya sukari, kwa kuwa siku hizo karibu kila aliyebisha hodi alikuja kwa ajili hiyo. Yeye alikuja kuuliza jambo jingine: je, mtu anaruhusiwa kushikilia kitambulisho cha mwenzake kwa sababu ya deni? Ilituchukua muda mrefu kuelewa kwamba risiti ile na kitambulisho kile vilikuwa habari moja.

Tumeiandika habari hiyo katika kijitabu hiki kwa ridhaa yake, bila kumtaja jina, kwa sababu inafundisha kuliko maelezo mengi ambayo tungeweza kuyatunga. Tunakusudia kuonyesha namna mtu anavyoweza kubaki na matumaini wakati bei zinapopanda na kipato hakieleweki, na pia namna woga unavyoweza kumgharimu kuliko uhaba wenyewe.

Hesabu ya mama wa vitumbua

Msomaji atakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 zilijaza maji mashamba ya miwa. Miwa haikuweza kukatwa wala kusafirishwa kwa wakati, na viwanda vikapunguza uzalishaji. Januari 2024 Bodi ya Sukari Tanzania ilitangaza bei elekezi ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na mkoa, lakini katika mitaa mingi kilo moja iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Mtaani kwa mama huyu ilifika 5,000, na ikavuma habari kwamba wiki inayofuata itakuwa 6,000, kisha haitapatikana kabisa.

Mama hutumia kilo mbili za sukari kila siku. Aliona kwamba asipojiwekea akiba atafunga biashara, na biashara hiyo ndiyo inayosomesha watoto watatu. Akaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, akakopa shilingi 500,000. Kabla hajaondoka na fedha alikatwa 25,000 zilizoitwa gharama za fomu, akabaki na 475,000 mkononi. Sharti lilikuwa kurejesha 22,000 kila siku kwa siku 30, na kitambulisho chake kibaki mezani kwa mkopeshaji. Akanunua magunia mawili ya kilo 50 kwa bei ya jumla ya shilingi 4,600 kwa kilo, yaani shilingi 460,000. Zile 15,000 zilizobaki zilikwenda kwenye usafiri.

Tulikaa naye tukapiga hesabu ambayo, kwa maneno yake, hakuna aliyewahi kumpigia. Marejesho ya 22,000 kwa siku 30 ni shilingi 660,000. Kilo alizopata ni 100. Kwa hiyo kila kilo ya sukari ile ilimgharimu shilingi 6,600. Kwa kuogopa kuinunua kwa 6,000 wiki ijayo, aliinunua kwa 6,600 siku ileile, wakati duka la jirani lilikuwa likiiuza kwa 5,000.

Tukaendelea. Katika siku za kawaida, akishanunua mchele, nazi, mafuta, hamira, mkaa na sukari ya shilingi 2,800 kwa kilo, hubakiwa na kiasi cha 18,000. Kama angeendelea kununua kilo mbili kila siku kwa bei ile mbaya ya 5,000, gharama ingeongezeka kwa 4,400 na angebakiwa na 13,600. Ni pigo, lakini nyumba ingekula. Baada ya mkopo hakuwa akinunua tena sukari, hivyo mkononi zilibaki 23,600. Alipotoa rejesho la 22,000, za chakula, nauli na daftari za watoto zikawa shilingi 1,600. Siku ya ishirini mtoto akaugua na rejesho likakwama. Alikuwa ameshalipa shilingi 418,000.

Hatukuandika haya ili tumcheke. Mama huyu ni hodari wa hesabu. Anajua kitumbua kimoja kinakula mafuta kiasi gani. Siku ile hakukokotoa kwa sababu aliamini hana muda wa kukokotoa, na mkopeshaji naye aliamini hivyohivyo kwa niaba yake. Mikopo hii wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na sisi hatuna jina lililo bora zaidi.

Nasi tusijitoe katika somo hili. Mmoja wetu hapa ofisini, mwaka 2022, wakati vita vya Ukraine na zuio la Indonesia la kuuza mafuta ya mawese nje vilipopandisha bei ya mafuta ya kula, alinunua ndoo ya lita 20 kwa mshahara wa mwezi mzima ulivyobaki. Indonesia ilizuia mwishoni mwa Aprili na ikaondoa zuio mwezi uliofuata. Katikati ya mwaka bei ya mawese katika soko la dunia ilishuka sana, naye bado alikuwa na zaidi ya nusu ya ndoo. Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba nyumba yenye ndoo iliyojaa hukaanga kila kitu. Hata ndizi zilizokuwa zikichemshwa zikaanza kukaangwa.

Kuuliza chanzo kabla ya kununua

Kila uhaba una chanzo, na chanzo mara nyingi huwa na kalenda yake. Sukari ya mwaka 2024 ilipungua kwa sababu ya mvua. Mvua zina mwisho, na Serikali ilikwisha kuruhusu sukari iagizwe kutoka nje. Mafuta ya kula ya mwaka 2022 yalipanda kwa sababu ya vita na uamuzi wa nchi moja. Uamuzi unaweza kutenguliwa kwa siku moja. Mahindi hupanda karibu kila mwaka kati ya Desemba na Aprili, yakashuka mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yanapoingia sokoni. Hizi ni hali tatu zilizo tofauti, na kila moja inadai uamuzi wake. Anayezichanganya atanunua akiba ya miezi sita kwa ajili ya tatizo la wiki sita.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha kwa woga, jiulize maswali mawili tu. Ni nini kilichosababisha? Na je, mimi ninahitaji kiasi gani mpaka chanzo hicho kipite? Swali la pili ndilo watu hulisahau.

Petroli ni mfano mzuri. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hizo hufuata gharama za shehena zilizonunuliwa katika soko la dunia wiki kadhaa nyuma. Mwaka 2022 lita moja ya petroli ilivuka shilingi 3,000 jijini Dar es Salaam, na kuanzia Juni mwaka huo Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali. Mwenye bodaboda anayeijua Jumatano hiyo hupanga mapema. Asiyeijua hushtushwa kila mwezi na jambo lililokuwa kwenye kalenda. Ikumbukwe pia kwamba konda wa daladala hana mamlaka ya kupandisha nauli kwa sababu mafuta yamepanda jana. Nauli hupangwa na LATRA, na hubadilika pale LATRA inapotangaza.

Kuhusu bei elekezi tuseme kweli: kuna wakati bei iliyotangazwa na bei ya dukani hazikutani, na mwananchi hujiuliza tangazo lina faida gani. Faida yake ni kwamba unajua unazidishiwa kiasi gani. Dai risiti, andika tarehe na jina la duka, kisha toa taarifa. Taarifa moja haishushi bei. Taarifa nyingi kutoka mtaa mmoja hutuonyesha bidhaa zimefichwa wapi.

Walivyoishi waliotutangulia

Sisi tunaoandika kijitabu hiki wengi wetu tulizaliwa miaka ya 1990, hivyo uhaba mkubwa uliowahi kuikumba nchi yetu tuliusikia jikoni kwa bibi. Baada ya vita vya Kagera kumalizika mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Hali ilikuwa ngumu kwa muda mrefu kuliko hiyo miezi. Wazee husimulia foleni za sukari ambazo mtu aliacha jiwe limshikie nafasi, nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na ugali wa unga wa njano ulioitwa yanga. Bibi wa mmoja wetu, anayeishi Iringa, hadi leo huweka miche ya sabuni chini ya kitanda. Ukimwuliza ya nini, hujibu kwamba kitanda kinapenda kuwa na kitu chini yake.

Mambo mawili yametufikirisha katika masimulizi hayo. La kwanza ni kwamba waliotegemea tarehe walivunjika moyo tarehe ilipopita. Matumaini yaliyofungwa kwenye mwezi fulani ni kama mkopo wenye siku ya marejesho. Siku ikifika bila fedha huja fedheha. Bibi hakungoja mwezi wa kumi na nane. Alipanda mpapai wa pili.

La pili ni kwamba uhaba ulizidishwa na ufichaji. Mwaka 1983, katika msako wa waliotajwa kuwa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, bidhaa zilikutwa zimerundikwa katika maghala na majumba, na wapo waliozitupa usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Tunaweza kubishana kuhusu namna msako ule ulivyoendeshwa, na wapo wanaobishana hadi leo. Lakini kilichorudisha bidhaa madukani kilianza mwaka 1984, pale Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Anayenunua magunia kumi wakati jirani anatafuta robo kilo hufanya, kwa udogo wake, kazi ileile ya yale maghala, hata kama nia yake ni njema.

Kuhesabu siku

Vitabu vingi vya fedha humshauri mtu aweke akiba ya mapato ya miezi mitatu au sita. Tunadhani ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya mwenye mshahara. Mtu anayepata riziki ya siku kwa siku akiusikia hukata tamaa kabla hajaanza, na aliyekata tamaa haweki hata shilingi mia. Tunapendekeza kipimo kidogo zaidi: hesabu siku.

Chukua daftari. Andika vitu ambavyo nyumba yako haiwezi kuviahirisha: chakula, maji, kodi ya nyumba, nauli ya kwenda kazini, nishati ya kupikia, dawa kwa anayezitumia kila siku. Usiandike michango ya harusi, hata kama kamati imeshakupigia simu. Jumlisha kwa mwezi, gawanya kwa 30. Tuseme umepata 12,000. Sasa hesabu fedha unazoweza kuzishika ndani ya siku mbili bila kukopa wala kuuza kitu. Ukiwa na 84,000, una siku saba. Hiyo ndiyo hali yako halisi, bila kujipaka wanja.

Mama wa vitumbua alipofanya zoezi hili alipata sifuri, akanyamaza kidogo, kisha akasema afadhali sasa anajua. Sifuri ndiyo iliyompeleka kwa mkopeshaji, kuliko hata sukari. Mwenye siku saba anaweza kusubiri aone bei itakwendaje, na anayeweza kusubiri hununua kwa bei nafuu.

Akiba ya shilingi 1,000 kila siku huleta 84,000 baada ya siku 84, karibu miezi mitatu kwa ajili ya wiki moja tu. Ni polepole, hatutaki kuficha. Hata hivyo siku ya kwanza kati ya hizo saba hupatikana baada ya siku 12, na tumeona kwa watu tuliowafuatilia kwamba hiyo siku ya kwanza ndiyo inayobadilisha namna mtu anavyozungumza na muuzaji.

Pa kuiweka akiba hiyo tutapitia kwa haraka, kwa kuwa sura nyingine ya kijitabu imeeleza. Kibubu ni kizuri kwa wiki mbili za mwanzo, baada ya hapo kila mtu nyumbani anajua kilipo. Kikundi cha kuweka na kukopa kinafaa iwapo kimesajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na wanachama wanaona vitabu. Benki iliyo na leseni ina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo humlipa mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 iwapo benki itafilisika.

Chakula kilichohifadhiwa nacho ni akiba

Kwa familia yenye ndugu shambani, au inayoweza kuchanga na majirani wawili watatu, kununua mahindi wakati wa mavuno ni maandalizi yenye maana kuliko kukimbilia bidhaa ambayo tayari imepanda. Lakini mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huwa hasara, na wakati mwingine msiba. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na fangasi wanaoota katika nafaka yenye unyevu, na kupika hakuiondoi.

Kipimo cha unyevu unacho jikoni. Chukua chupa safi ya kioo iliyokauka, tia konzi mbili za mahindi na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha acha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Yaanike tena, juu ya turubai wala si juu ya udongo. Chumvi ikianguka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Baada ya unyevu huja dumuzi, mdudu ambaye wakulima wa Tabora walimfahamu kabla ya wengine na ambaye sehemu nyingi aliitwa Skania, kama lori, bila shaka kwa namna alivyosomba ghala zima. Mfuko usiopitisha hewa, wenye mifuko ya plastiki ndani na wa nje wa kawaida, humuua kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Ujaze, bonyeza hewa itoke, funga kila mfuko peke yake kwa kamba, na usiufungue ovyo. Kila unapoufungua unampelekea mdudu pumzi. Kwa hiyo ni bora mifuko miwili midogo kuliko mmoja mkubwa.

Pale ambapo mkopo hauepukiki

Hatusemi watu wasikope. Kuna ugonjwa, kuna ada, kuna mtaji unaojulikana utarudi lini. Tunachosema ni kwamba usikope ili kununua kitu kwa sababu tu unaogopa kitapanda. Na ukikopa, uliza jumla ya fedha utakazorejesha mpaka mwisho. Igawanye kwa kile utakachopata, kama tulivyoigawanya sukari. Mkopeshaji asiyetaka kutaja jumla hiyo ameshakujibu. Mwulize leseni, na ulinganishe jina lake na orodha ya watoa huduma wenye leseni inayochapishwa na Benki Kuu ya Tanzania. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, kwa hiyo mkopo uliomo kwenye simu nao unahitaji swali hilohilo.

Usiache kitambulisho, kadi ya benki wala namba ya siri. Kitambulisho hakiuziki, hivyo hakiwezi kulipa deni. Mikononi mwa mkopeshaji kina kazi moja tu, kumtisha mwenye nacho.

Mkopeshaji wa mama wa vitumbua hakuwa na leseni. Tulimsaidia kuandika barua na kumwelekeza kwa mamlaka husika, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa akakubali kukaa kati yao. Walikubaliana amalizie sehemu ya deni kwa 5,000 kwa siku. Wakati huo sukari mtaani kwake ilikuwa imeshuka hadi shilingi 3,000, na gunia la pili lilikuwa halijafunguliwa. Kwa wiki kadhaa alipunguza vitumbua akauza mihogo ya kukaanga pamoja na chachandu, isiyohitaji sukari. Anasema wateja wa mihogo walikuja na hawajaondoka.

Kitambulisho alirudishiwa mwezi wa sita. Alipopita kutuonyesha, alikuwa na daftari la kurasa 48 lenye jalada la bluu, na katika ukurasa wa mwisho ulioandikwa palikuwa na tarehe ya jana yake na namba moja iliyozungushiwa duara: 4.